Muulize Anapoinuka

Saa nne asubuhi muuguzi anapita na toroli la dawa kwenye sebule ya makao ya wazee. Wazee wameshaogeshwa, wameshakunywa chai, wamepangwa vitini kuufuata ukuta. Anamwinamia bibi wa kwanza. "Bibi, leo unaumwa?" "Siumwi, mwanangu. Sijambo." Anaandika sifuri, anasogea kwa mwingine.

Muuguzi hakukosea kuuliza, wala bibi hakusema uongo. Akiwa amekaa vile, magoti yamekunjwa kama yalivyokunjwa tangu alipowekwa pale, kweli haumwi. Nusu saa baadaye wahudumu wawili wanamnyanyua wampeleke msalani. Uso unakunjamana, vidole vinang'ang'ania mkono wa kiti, pumzi inakatika. Aliyekuwa na fomu ameshafika chumba cha tatu.

Maumivu na kutotembea hufichana, na makao mengi ya wazee yamepangwa kwa namna inayovisaidia vifichane. Mwenye goti au nyonga iliyosagika hujifunza upesi kwamba dawa ya kwanza ya maumivu ni kutoinuka. Asipoinuka haumwi. Kwa kuwa haumwi, hapewi kitu. Kwa kuwa hainuki, misuli ya paja inasinyaa na kiungo kinakakamaa, na siku atakapolazimika kuinuka itauma kuliko jana. Faili linabaki na maneno mawili: "hana maumivu" na "uwezo wa kutembea umepungua kutokana na umri". Neno la kwanza ni kweli kwa saa lilipoandikwa. La pili linasomeka kama maelezo, nalo limefunga mjadala kabla haujaanza.

Kwa muda mrefu imenukuliwa kwamba kati ya asilimia 45 na 80 ya wanaoishi katika makao ya wazee wana maumivu ya kudumu. Wengi husoma takwimu hizo wakaishia kushangaa ukubwa wake. Mimi hushangazwa na upana wake. Ugonjwa unaokadiriwa kuanzia chini ya nusu hadi wanne kati ya kila watano ni ugonjwa ambao jibu lake hutegemea nani aliulizwa, aliulizwa kwa maneno gani, na alikuwa anafanya nini wakati huo.

Tuanze na maneno. Mzee aliyefikisha miaka themanini na kitu mara nyingi hana "maumivu". Ana mgongo unaokaza, miguu inayowaka moto usiku, nyonga inayomvuta, mabega mazito, baridi iliyoingia mfupani. Ukimuuliza kama ana maumivu atakwambia hana, kwa sababu kwake neno hilo limewekewa mambo makubwa: uzazi, kuvunjika mfupa, kuungua. Hili la sasa analiita uzee. Ukimuuliza, "Kuna mahali panakusumbua unapogeuka kitandani?" utakaa naye robo saa.

Wengine hunyamaza kwa hesabu. Wanaogopa kuonekana wasumbufu mbele ya watu wanaowategemea kwa chakula na choo. Wanaogopa kupelekwa hospitali wakalazwa. Wanaogopa dawa kali zitakazowalaza mchana kutwa, na hofu hiyo ina msingi. Wapo pia wanaoogopa jambo ambalo wafanyakazi hawalifikirii: akisema goti linamuuma anapotembea, atakatazwa kutembea. Mzee huyo amechagua kuumwa kimyakimya ili abaki na hatua zake ishirini hadi dirishani, na kwa jinsi makao mengi yanavyoendeshwa, siwezi kusema amechagua vibaya.

Mwaka 1968 muuguzi wa Marekani, Margo McCaffery, aliweka kanuni ambayo wauguzi wengi wameisomea: maumivu ni chochote ambacho mwenye nayo anasema ni maumivu, na yapo wakati wowote anaposema yapo. Kanuni hiyo iliwaokoa wagonjwa wengi waliokuwa wakiambiwa wanajifanya. Ila inadai mtu aseme. Katika makao ya wazee, sehemu kubwa ya wakazi wana dimensia, yaani ugonjwa wa kudhoofika kwa kumbukumbu na akili, na wapo wasioweza kuunganisha sentensi, wala kukumbuka kwamba walilia alfajiri walipogeuzwa. Mwaka 2020 chama cha kimataifa cha watafiti wa maumivu kiliporekebisha fasili yake iliyodumu tangu 1979, kiliweka katika maelezo yake kwamba maneno ni njia mojawapo tu ya kuonyesha maumivu, na kwamba kushindwa kujieleza hakuondoi uwezekano kwamba mtu anaumwa. Ilichukua miaka mingi kuyaweka hayo wazi. Mama yeyote aliyelea kichanga angewaambia.

Vifaa vya kusoma mwili vipo na havina gharama. Kimojawapo, PAINAD, kilichotolewa mwaka 2003, kinatazama mambo matano: pumzi, sauti anazotoa, uso, mkao wa mwili, na kama anatulizika akibembelezwa. Kila jambo hupewa alama kuanzia 0 hadi 2, jumla ikawa kati ya 0 na 10. Ni kazi ya dakika chache kwa aliyefundishwa. Kina mipaka yake: mtu aliyeogopa, mwenye njaa au aliyebanwa na mkojo anaweza kupata alama za juu vilevile. Kwa hiyo alama hizo humwambia mhudumu atafute chanzo, hazimtajii ugonjwa. Kasoro kubwa zaidi iko kwa watumiaji, ambao humpima mzee aliyetulia kitini baada ya chakula, wakapata sifuri ile ile ya saa nne asubuhi. Mpimeni anapovalishwa soksi. Mpimeni anapogeuzwa kubadilishiwa shuka.

Hapo ndipo watu wanapokosea kwa namna inayoumiza zaidi. Mzee mwenye dimensia anayempiga mhudumu kila anapoogeshwa huitwa mkorofi. Mwingine anayepiga kelele kila jioni huambiwa ugonjwa wake umepanda. Dawa inayofuata mara nyingi ni ya kutuliza akili, inayomfanya awe mzito, ashindwe kusimama sawasawa, aanguke au aishie kitandani. Nchini Norway, watafiti wakiongozwa na Bettina Husebø waliuliza swali jepesi: je, kama anaumwa tu? Waliwachukua wazee 352 wenye dimensia ya kiwango cha kati hadi kikali na wenye tabia za usumbufu, katika makao 18. Nusu ya wodi zilifuata mpango wa kutibu maumivu hatua kwa hatua kwa wiki 8, na nyingine zikaendelea kama kawaida. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2011, yalionyesha fujo na mahangaiko yamepungua kwa wastani wa asilimia 17 kwa waliotibiwa. Wengi wao walikuwa wamepewa parasetamoli tu. Mpango uliposimamishwa, mahangaiko yalirudi kupanda.

Asilimia 17 si muujiza, na sipendi wanaoitangaza kama muujiza. Wapo wazee waliobaki na mahangaiko yao, kwa kuwa chanzo kilikuwa kingine. Lakini fikiria maana yake kwa wale waliotulia. Kwa miezi, pengine miaka, walikuwa wakiandikwa kwenye faili kama watu wa vurugu, nao walichokuwa nacho ni bega bovu na mtu anayelivuta kila asubuhi ili mkono uingie kwenye shati.

Mtaniambia: basi wapewe dawa. Wapewe, ndiyo, lakini tazameni kwanza dawa hizo zimeandikwa vipi. Kwenye kadi nyingi utakuta parasetamoli imeandikwa "apewe inapohitajika". Maneno hayo yanaonekana ya busara. Ukweli ni kwamba yamempa mgonjwa kazi ya kuhitaji kwa sauti. Anayejua kubonyeza kengele na kudai, anapata. Asiyejua jina la dawa, asiyejua yuko wapi, aliyefundishwa tangu utotoni asiombeombe, hapati. Wazee wawili wenye nyonga za aina moja, mmoja msemaji na mmoja mkimya, watamaliza wiki na idadi tofauti kabisa ya vidonge, na hakuna daktari aliyekusudia hivyo. Kwa mtu mwenye maumivu ya kila siku, dawa ya saa maalumu ndiyo yenye haki. Na saa yenyewe iwe na akili: kidonge kinachomezwa saa nne, baada ya kuogeshwa, kuvalishwa na kuketishwa, kimekuja msiba ukiwa umeshaisha. Kikitangulia kwa dakika thelathini hadi sitini kabla ya kuamshwa, kinafanya kazi pale panapouma. Mabadiliko hayo hayahitaji bajeti. Yanahitaji mtu akubali kuvuruga ratiba ya toroli.

Juu ya dawa nyingine nitasema kwa kifupi. Zile za jamii ya ibuprofeni huharibu tumbo na figo za wazee zikitumiwa mfululizo, na hupandisha shinikizo la damu. Za jamii ya morfini zina nafasi yake, ila huleta usingizi, kizunguzungu na choo kigumu, na choo kigumu chenyewe ni maumivu ambayo mtu wa miaka tisini anaweza kuyaonyesha kwa kukataa kula. Parasetamoli nayo ina kipimo chake, na mzee aliyekonda hastahili kipimo cha kijana. Kabla ya yote hayo, mtu avue viatu vya mzee aangalie kucha, visigino na nafasi kati ya vidole. Aangalie mdomoni, kwenye fizi zilizokwaruzwa na meno ya bandia. Aangalie kifandugu kama kuna kidonda kinachoanza kwa kulalia upande mmoja. Nimeona watu wakijadili dawa ya mishipa ya fahamu kwa ajili ya mguu ambao tatizo lake lilikuwa kiatu kidogo.

Sasa kiti. Makao ya wazee huogopa kuanguka kuliko yanavyoogopa kitu kingine chochote, na ninaelewa. Mzee akianguka kuna ripoti, kuna simu kwa familia, kuna maswali, pengine wakili. Kuanguka kuna tarehe na saa. Kukakamaa hakuna tarehe. Hakuna fomu ya kujaza siku ambayo goti la bibi lilishindwa kunyooka kabisa, wala hakuna mtoto anayepigiwa simu kuambiwa kwamba tangu Jumatatu mama yake hajasimama hata mara moja. Kinachohesabiwa ndicho kinachozuiwa. Kwa hiyo mzee anawekwa kwenye kiti laini, chenye kina, ambacho hata kijana akikaa huinuka kwa kujisukuma, na meza inawekwa mbele yake. Anaitwa salama. Kiti cha magurudumu, kilicholetwa kumvusha ukumbini, kinageuka kuwa makazi yake.

Zamani wengine walifungwa mikanda waziwazi kwa hoja hiyo hiyo ya usalama, na wapo wanaofungwa mpaka leo. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1987 iliyobana matumizi ya vifungo katika makao ya wazee, na mwaka 1992 utafiti wa Mary Tinetti na wenzake katika makao ya huko ulionyesha kwamba waliofungwa hawakuumia kidogo kuliko wengine. Majeraha makubwa ya kuanguka yalikuwa mengi zaidi kwao. Hata tukikumbuka kwamba huenda walifungwa kwa sababu ndio waliokuwa dhaifu, vifungo havikuwapa ulinzi uliodaiwa. Mtu aliyefungwa miezi mitatu hana miguu siku mkanda unapolegea. Kiti chenye kina na meza mbele ni mkanda ule ule uliovishwa adabu.

Kasi ya kudhoofika inatisha ukiiona kwa namba. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2007, wazee wenye afya, wastani wa miaka 67, walilala kitandani siku 10 tu. Walipoteza takribani kilo 1 ya nyama ya miguu. Hao walikuwa wazima. Chukua mwenye miaka 88, anayekula nusu sahani, mwenye nyonga inayouma, umlaze siku kumi kwa mafua, kisha ushangae kwa nini hakurudi kutembea.

Habari ya upande wa pili ni ya zamani sana kwa jinsi inavyojulikana kidogo. Mwaka 1990, huko Boston, daktari Maria Fiatarone na wenzake waliwapa wakazi 10 wa makao ya wazee, wengi wao wakiwa na miaka tisini hivi, mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu. Uzito wa kweli, si kupunga mikono kitini kwa muziki. Baada ya wiki 8 nguvu za miguu zilikuwa zimepanda kwa wastani wa asilimia 174. Mwaka 1994 walirudia na watu 100, wastani wa miaka 87, kwa wiki 10: nguvu za waliofanya mazoezi zilipanda kwa asilimia 113, na mwendo wao ukawa wa kasi zaidi. Kundi lililopewa kinywaji cha lishe bila mazoezi halikupata nguvu hizo. Ninaitaja ya mwisho kwa makusudi, kwa maana makopo ya lishe hayakosekani kwenye makao haya, na chumba cha mazoezi mara nyingi kina viti vilivyorundikwa na mti wa plastiki.

Hata hivyo ukimwamrisha mwenye maumivu afanye mazoezi bila kumtuliza kwanza, atakataa, na ataandikwa "hashirikiani". Ndiyo maana siwezi kulitenga suala la dawa na suala la miguu. Mtaalamu wa viungo anayekuja Jumanne na Alhamisi, na muuguzi mwenye ufunguo wa kabati la dawa, wakiwa hawazungumzi, mzee anabaki katikati yao. Mmoja anamwona mvivu, mwingine anamwona hana shida.

Watakaonijibu ni wahudumu, na jibu lao nalijua: muda. Kumsukuma mzee kwenye kiti cha magurudumu hadi mezani ni dakika moja. Kutembea naye, kwa hatua zake, akisimama kupumua mara mbili, ni dakika saba au kumi. Zidisha kwa wazee wanane wa zamu ya asubuhi. Mhudumu naye ana mgongo, na kazi ya kunyanyua watu imewavunja wengi katika kazi hiyo, hasa pale ambapo mashine ya kunyanyulia ipo moja kwa ghorofa nzima na betri imekufa. Simlaumu mtu anayechagua kusukuma. Namlaumu aliyepanga zamu ile akijua hesabu hiyo.

Nchi chache zimeanza kuandika hesabu yenyewe. Australia iliweka lazima kuanzia Oktoba 2023 kwamba makao yatoe wastani wa dakika 200 za huduma kwa kila mkazi kwa siku, 40 kati yake kutoka kwa muuguzi aliyesajiliwa. Oktoba 2024 zikapanda kuwa 215 na 44. Siku ina dakika 1,440. Ukiondoa 215, mzee anabaki na dakika 1,225 ambazo hakuna mtu aliyepangiwa kuwa naye, na hizo 215 ndizo ndani yake mna kuogeshwa, kulishwa, kubadilishwa, kugeuzwa, dawa na makaratasi. Napenda kwamba kiwango kipo, maana pasipo kiwango kila kitu hupunguzwa kimyakimya. Lakini dakika hazijui zinatumikaje. Makao yanaweza kutimiza 215 kwa kuwaogesha watu wote haraka na kuwaketisha mapema, sebule ikawa safi na tulivu, na mkaguzi akapita akasifu utulivu.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Sebule yenye wazee ishirini na sauti ya televisheni tu ingepaswa kumtia mkaguzi wasiwasi. Kama ningekuwa mimi, ningeacha kuomba mafaili, nikakaa pembeni kuanzia wakati wa kuamshwa hadi wa chai, nikatazama nyuso za watu wanapogeuzwa.

Familia nazo zina lao. Wengi wetu huwatembelea wazazi mchana, baada ya chakula, saa ambayo mzee ameshakaa na ameshavumilia alichovumilia. Tunamkuta msafi, tunaridhika, tunapiga picha. Nenda siku moja asubuhi, wakati wa kuamshwa, hata kama utaambiwa saa za kutembelea bado. Omba uwepo anapovalishwa. Msaidie kusimama mwenyewe, ukimshika vile mhudumu atakavyokuelekeza, na umuulize hapo hapo akiwa amesimama, kabla hajarudi kukaa. Atakachokuonyesha kwa mkono, kiandikwe siku hiyo hiyo, pamoja na alichokuwa akifanya alipokionyesha. Fomu nyingi hazina nafasi ya hilo la pili. Andikeni pembeni, kwa kalamu, mpaka aliyezichapisha achoke kuona maandishi ya pembeni.